Ati utalowa kidogo tu!

Msomaji wangu, kama una jamaa anayeishi ng'ambo, huenda siku moja ukapelekwa kwenye bustani ya burudani, zile mbuga kubwa za starehe ambako watu hulipa pesa nyingi ili wazungushwe, warushwe juu na kutishwa hadi wapige mayowe. Na ukifika huko hutakosa kupandishwa mashua. Kwa kuwa likizo yabisha hodi, leo nataka tuzungumze habari za mashua hizo. Nina sababu nyingine pia. Kuna jambo lililompata mama yangu ambalo sijapata kulisimulia katika ukurasa huu, na nadhani nimelificha vya kutosha.

Mama ni mzaliwa wa Lamu. Babake alikuwa nahodha, na yeye mwenyewe alipanda mashua miaka mingi kabla hajapanda gari. Agosti 2011 nilifuatana naye kwenda Marekani kumtembelea ndugu yangu mdogo ambaye ameoa na kupata watoto huko. Wajukuu walikuwa wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita, na Mama hakuwa amewaona ila kwa picha. Alikuwa akitumia kifaa cha kusikia katika sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limeziba zamani. Kifaa hicho tulikuwa tumekinunua Nairobi kwa mchango wa jamaa wote, na bei yake ingetosha kununua ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

Siku ya nne tukapelekwa bustanini. Sitaitaja, maana kosa halikuwa lao. Tulipofika kwenye foleni ya mashua, Mama akaitazama kwa jicho la mjuzi: chombo kipana, safu za viti kutoka omo hadi tezi, kikipanda mlima kwa mnyororo na kisha kuteremka kwenye bwawa. Mlangoni palikuwa na kibao kilichosema kwa Kiingereza kwamba abiria atalowa. Si kwamba huenda akalowa; atalowa. Mimi nilikisoma. Mama hasomi Kiingereza, na tangazo la kipaza sauti lililokuwa likirudiarudia maneno yale yale hakulisikia kwa kelele za watu.

Akaniuliza, "Mwanangu, hapa watu hawalowi?"

Nikamjibu, "Kidogo tu, Mama. Matone mawili matatu."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu wale watoto walikuwa wamemshika mikono, huyu huku na yule kule, wakimvuta, na nilijua kwamba nikimwambia ukweli atakaa kwenye benchi na kungoja. Nilitaka apande nao. Basi ndivyo nilivyomdanganya mamangu mzazi mchana kweupe.

Akapanda, na akachagua kiti mwenyewe. Mtu aliyelelewa baharini anajua kwamba rasharasha za mawimbi hupiga omo na upande wa joshi. Anayetaka kufika na nguo kavu hukaa nyuma karibu na nahodha. Mama akaenda moja kwa moja hadi kiti cha mwisho, akatandaza buibui lake vizuri, akatulia. Mbele alituachia sisi wajinga.

Mashua ikapanda, ikasimama kidogo kileleni, ikaachiliwa. Tulipopiga maji chini, ukuta mzima ulisimama pande zote mbili, ukapita juu ya vichwa vyetu sisi wa mbele kama hema, ukaanguka wote nyuma. Nilipogeuka sikumwona Mama. Niliona maji.

Hebu tuache hapo kwanza nikueleze mambo haya hufanyika vipi, maana baadaye niliona haya kwamba mtoto wa pwani sikuyajua.

Unapoteremka kutoka mahali pa juu, ile kasi uliyoipata lazima iishie mahali. Katika mashua za aina hii, maji yaliyo chini ndiyo breki. Omo huyasukuma, chombo hupunguza mwendo, na maji yaliyosukumwa hayana pa kwenda isipokuwa juu na kando. Kumbe basi kule kurushwa kwa maji si mzaha mtupu wa kuwachekesha watu. Hata hivyo, wanaotengeneza vyombo hivi wanajua kuchagua. Omo likiwa bapa na pana, na bwawa likiwa na kina kinachofaa, unapata ukuta. Likichongwa vingine, unapata matone. Mashua ikijaa watu wazito huzama zaidi na kusukuma maji mengi zaidi. Ukuta ule utaangukia nani, hilo hutegemea umbo la chombo, mwendo wake na upepo wa siku hiyo. Ujuzi wa Mama wa tezi na omo ulikuwa wa mashua inayokata wimbi likija mbele yake. Hii ya kuanguka kutoka juu ina sheria zake.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko tunavyodhani. Mnamo 1884, mjini Rock Island katika jimbo la Illinois, watu walianza kuteremshwa kilimani kwa mashua bapa hadi mtoni. Miaka michache baadaye akatokea Kapteni Paul Boyton, mtu wa vituko, akajenga mteremko wa aina hiyo Chicago mwaka 1894, na mwaka uliofuata akafungua Sea Lion Park huko Coney Island, New York, bustani inayosemekana kuwa ya kwanza kuzungushiwa ua na kutoza kiingilio. Sasa sikia kichekesho. Boyton huyu alikuwa amepata sifa mwaka 1875 kwa kuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akielea ndani ya vazi la mpira, vazi ambalo kazi yake ilikuwa kumkinga asilowe! Mahali palipokuwa na bustani yake ndipo ilipofunguliwa Luna Park mwaka 1903, jina ambalo lilienea duniani kote hadi likatufikia hata sisi wa Nairobi.

Mitaro ya magogo ilikuja baadaye. Wakata miti wa Marekani walikuwa wakiteremsha magogo kutoka milimani kwa mifereji ya mbao iliyojaa maji. Kampuni ya Arrow Development ya California ikalichukua wazo hilo, ikatengeneza vyombo vyenye umbo la gogo, na 1963 mtaro wa kwanza wa namna hiyo ukafunguliwa katika bustani ya Six Flags Over Texas. Uliitwa El Aserradero, maana yake kwa Kihispania ni kiwanda cha kupasulia mbao. Halafu 1980, katika bustani ya AstroWorld mjini Houston, zikaja mashua za duara, zile zinazofanana na sinia kubwa la pilau ambalo watu wamelizunguka. Hizi ndizo hatari kwa mpenda nguo kavu, kwani huzunguka zikienda. Unaona maporomoko mbele, unamcheka mwenzako aliyekaa upande ule, mara chombo kinageuka na maporomoko ni yako wewe. Hakuna kiti salama.

Na majina yake, msomaji! Huko Tampa, Florida, katika bustani iitwayo Busch Gardens, Wamarekani wanalowa katika Congo River Rapids tangu 1982, na katika mtaro wa magogo unaoitwa Stanley Falls tangu 1973. Maporomoko hayo ya Stanley sisi tunayajua leo kama Boyoma, karibu na Kisangani. Kulikuwa pia na Tanganyika Tidal Wave, iliyoanza 1989 na kufungwa 2016, ambapo hata waliosimama darajani kutazama walipigwa na wimbi. Wavuvi wa Kigoma wangeulizana wimbi hilo limetoka wapi. Uingereza nako, Alton Towers, wana Congo yao. Na katika Animal Kingdom ya Disney, Florida, bustani yenye kijiji kizima kinachoitwa Harambe, kuna mashua za duara zinazobeba watu 12 ziitwazo Kali River Rapids, zilizofunguliwa 1999. Mswahili akisikia Kali anadhani ni onyo zuri la lugha yake. La hasha, Kali huyo ni wa Kihindi, mashua zenyewe zikiwa sehemu ya bustani inayoiga Asia. Ila maana ya Kiswahili inafaa vilevile. Umalizapo safari yako kuna daraja lenye sanamu za tembo, na waliokwisha kushuka hubonyeza ili tembo hao wakumwagie maji ya mwisho. Binadamu aliyelowa hapendi kumwona mwenzake mkavu.

Kuna moja zaidi inayotuhusu kuliko zote. Splash Mountain ilifunguliwa Disneyland, California, mwaka 1989, ikafuatwa na nyingine Florida na Tokyo mwaka 1992. Abiria walipitishwa katika visa vya sungura mjanja, na anguko la mwisho lilikuwa sungura akitupwa kwenye kichaka cha miiba. Ndiye sungura yule yule wa hadithi za nyanya zetu. Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani walikwenda na hadithi zao, na huko akapewa jina la Brer Rabbit. Tatizo ni kwamba bustani ilizitoa hadithi hizo katika filamu ya 1946, Song of the South, iliyolaumiwa kwa muda mrefu kwa jinsi ilivyowachora watu weusi kama walioridhika na hali yao ya unyonge. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mambo yatabadilishwa. Zile mbili za Marekani zikafungwa 2023 na kufunguliwa tena 2024 zikiwa na jina la Tiana's Bayou Adventure. Ile ya Tokyo haikuguswa. Mimi namwunga mkono aliyeiondoa filamu hiyo, lakini moyoni nasikitika kidogo kwamba sungura wetu ndiye aliyefukuzwa.

Si mashua zote zilizo hivyo. Zipo za polepole, kama It's a Small World ya wanasesere wanaoimba, iliyoanzia maonyesho ya New York ya 1964, na humo unaweza kuingia na suti. Zinazodanganya ni zile za katikati. Pirates of the Caribbean ya Disneyland, ya tangu 1967, ni giza, maharamia na nyimbo, na mtu huketi akidhani ni sinema. Lakini kuna miteremko miwili mifupi mwanzoni, na wa safu ya mbele huweza kupata kofi la maji usoni akiwa bado anatafuta pa kuweka mkoba.

Sasa nirudi kwa Mama.

Maji yalipoanguka, alikuwa amelowa chepechepe kutoka mtandio hadi viatu. Buibui lilikuwa limemganda mwilini, jambo ambalo kwa mwanamke wa rika lake na malezi yake ni aibu si haba. Akafanya jambo ambalo yeyote angelifanya: akasimama alikamue. Mashua ilikuwa bado inakwenda, na haikuwa na chuma cha kumzuia mapajani, ila mpini wa kushikilia. Kijana wa bustani akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Keti, mama, keti!" Watu wote walisikia isipokuwa Mama, kwani kifaa chake kilikuwa kimeshazimika. Nikaruka viti viwili, nami nikiwa nimesimama kwa hiyo, nikamvuta chini sekunde chache kabla mashua haijagonga ukingo wa kuteremkia.

Wakati huo sikuona kama nimenusurika lolote. Miaka iliyofuata ndiyo iliyonifunza. Mei 2017, katika bustani ya Drayton Manor huko Uingereza, msichana wa miaka 11 aliyekuwa kwenye ziara ya shule alianguka kutoka mashua ya duara, akiwa amesimama ilipogonga kizuizi, akafariki. Mwaka 2022 kampuni iliyokuwa na bustani hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni moja. Kabla yake, Oktoba 2016, watu wanne walikuwa wamekufa katika bustani ya Dreamworld nchini Australia: pampu iliacha kufanya kazi, maji yakapungua mtaroni, mashua moja ikakwama na nyingine ikaja kuigonga. Mambo haya ni nadra sana. Lakini nakuomba, msomaji, hasa wewe mwanafunzi unayependa kuwaonyesha wenzako ushujaa: kulowa hakuui katika mashua hizi. Kinachoweza kuponza ni kusimama, iwe ni kuyakimbia maji au kubadilisha kiti ili mwenzako ndiye alowe. Keti ulowe.

Na kabla ya kuketi, kagua mifuko. Simu, saa, pasipoti, noti, dawa, funguo za gari zenye umeme ndani, vyote vibaki kwenye kabati la kukodi au kwa yule ambaye hapandi. Mashua za duara huwa na kisanduku chenye kifuniko katikati, lakini usikitegemee. Nacho huingia maji. Jinzi usivae, hukaa mbichi hadi jioni na kukuchubua mapaja. Vaa viatu vinavyofungwa mguuni, na mtoto mdogo abebewe nguo ya kubadilisha. Wazee wetu husema nguo mbichi huleta nimonia. Madaktari wanasema ni vijidudu, lakini kutetemeka saa tatu si raha hata kama hakuna mdudu. Bustani nazo zimelijua hilo. Mlangoni zinakuuzia koti la plastiki usilowe, ndani zinakulowesha, mahali pengine zinamwuzia mgeni darajani nafasi ya kukurushia maji, na ukitoka unakuta kibanda cha kulipia upulizwe hewa moto ukauke. Halafu wanakuuzia picha uliyopigwa ukipiga mayowe.

Kile kifaa tulikitoa sikioni kikidondosha maji. Shemeji yangu alitaka kukipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Nashukuru jirani yake muuguzi alimzuia. Alitwambia tutoe betri, tufute kwa kitambaa kikavu, tuache kijimlango cha betri wazi, tusikianike juani wala karibu na jiko, kisha tukifungie mkebeni pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya, vinavyonyonya unyevu. Tukasubiri.

Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Ndugu yangu ndiye aliyenikabili jikoni usiku. "Wewe ulikisoma kile kibao," akaniambia. "Mimi nilikuwa nikinunua tikiti. Ulikisoma."

Sasa sikiliza kilichoniuma. Yule msichana wa miaka tisa alikuwa amehifadhi Sura ya Yasin, miezi sita akijifunza kila jioni, ili amsomee bibi yake akija. Ijumaa ilikuwa ndiyo siku iliyopangwa. Ijumaa ikafika na kifaa bado kimya. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mtoto asubiri, watu walikuwa wamealikwa na chakula kimepikwa. Akasoma. Mama alikaa mbele yake, mikono magotini, akimtazama midomo tu. Alipomaliza, Mama akamkumbatia na kusema mashallah, na mtoto akafurahi sana. Mimi nilitoka nje.

Siku ya tano, Jumapili asubuhi, kifaa kikapiga mluzi, fiii, ndani ya mkebe tulipokitia betri mpya. Mama akakivaa, akageuza shingo huku na huku kama anayetafuta upepo unatoka wapi. Kisha akamwita mjukuu wake kwa ishara, akagonga zulia kando yake.

"Njoo," akamwambia. "Ile ya juzi. Anza tena mwanzo."

Hadi leo, akitaka kupanda chombo chochote chenye maji karibu, hata feri ya Likoni, kwanza anakitoa kifaa sikioni na kukitia mkebeni. Nikimwambia kwamba kwenye feri hakuna haja, hapalowi mtu, ananitazama tu. Hanisikii, au ananisikia.